Mlima Kabla ya Joka

Dafroza alikuwa akirudi Kinesi kwa kivuko, ndoo zake za dagaa zikiwa tupu, aliposikia binti wa mbele yake akimsimulia mama mmoja aliyekutana naye humo humo kuhusu gemu aliloanza kucheza kwenye kompyuta ya kaka yake.

"Nimepewa upanga, mama, niende kijijini nikaue joka linalochoma watu. Njiani nikapanda mlima. Kufika juu, yaani! Nchi nzima iko chini yangu, misitu, maziwa, vivuli vya mawingu vinatembea juu ya majani. Na kote naweza kufika kwa miguu. Machozi yakanitoka."

"Na kijiji?"

"Bado sijaenda."

"Watu wanaungua, wewe unaangalia majani!" Mama alikasirika kweli, kana kwamba joka lilikuwa Butiama kwa dada yake.

"Wananisubiriga, mama. Hawafi mpaka nifike."

"Nani kakuambia?"

Kivuko kikagusa gati, watu wakaanza kushuka. Mama akamshika mkono. "Leo ukawaokoe kwanza."

"Sawa, mama. Ila nyuma ya mlima kuna mto, sijaona unakoelekea."

Mama hakumwachia mkono. "Mkubwa?"

Dafroza alisimama na ndoo zake, hashuki, akingoja jibu.