Mkono wa Atiir

Akai Lomuria aliuawa na nyigu mmoja. Kipimo ambacho kingemwonya kilitengenezwa kutokana na nyigu aliowakamata yeye mwenyewe. Hakupimwa. Alimtuma dada yake.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Akai, mkamata nyigu wa Nawoitorong, hapa Lodwar. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Sitampamba. Angenicheka.

Kwa miaka minne Akai alipanda ngazi hadi kwenye mapaa, na wavu na chupa. Nyigu walitiwa kwenye kisanduku cha barafu, wakapelekwa kwa watafiti. Mumewe, Epuyo, alikuwa akimtania: "Wenzako wanaleta kuni, wewe unaleta matata kwa chupa." Naye alimjibu: "Hiyo matata ndiyo unakula, mzee."

Watafiti walitaka nini? Niliuliza mara tatu mpaka nikaelewa. Sumu ya nyigu ina protini. Miili mingine ikishaizoea kwa ubaya, ikiumwa tena hupigana nayo kwa hasira hadi kujiua yenyewe. Huo ndio mzio. Kipimo cha zamani kilitumia sumu nzima, na mara nyingine kilishindwa kutenganisha nyuki na nyigu. Basi watafiti walichukua maagizo ya kutengeneza protini moja kutoka kwa nyigu wa Akai, wakayatia ndani ya hamira. Hamira ikaanza kuipika protini ile, safi, bila nyigu. Damu yenye mzio ikikutanishwa nayo, huishika.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: mwenye mzio hakamati.

Akai alikuwa na mzio, na alijua. Mwaka juzi, kule Katilu, nyigu alimuuma shingoni. Midomo ikavimba, akatapika, akaanguka kando ya mfereji. Dada yake, Atiir, alimwangalia mpaka akafumbua macho. Neno lake la kwanza: "Usiambie ofisi."

Kipimo kipya kilipokuwa tayari, wakamataji waliitwa Kakuma, kwenye kliniki ambako hakuna aliyewajua kwa sura. Aliyepanda gari ni Atiir. Atiir ameumwa mara nyingi na havimbi.

Nilimuuliza kwa nini alikubali.

"Aliniambia, 'Wewe mkono yako ni nzuri, nipatie siku moja tu.' Mimi nikaona ni kama kumpa ndoo."

Aliyemchukua damu ni Yien, kijana wa kambini anayefanya kazi kwenye kliniki hiyo. Naye nilimuuliza.

"Nilimuuliza jina, akasema Akai. Kitambulisho kinasema Akai. Na ile picha ya kitambulisho, mzee, hata mwenyewe hafanani nayo."

Majibu yakarudi: salama. Wawili waliokutwa na mzio waliondolewa kazini, wakapewa sindano ya dharura ya kutembea nayo. Akai alipewa ngazi mpya.

Jumanne ya wiki jana, saa nne asubuhi, nyigu alimuuma kidole gumba. Alishuka mwenyewe. Akakaa chini. Akamwambia Epuyo, aliyekuwa amemshikia ngazi, "Shika chupa, wasitoke." Dakika kumi na nane baada ya kuumwa alikuwa amekufa. Hakuwa na sindano, kwa sababu karatasi ilisema haihitaji.

Damu yake halisi ilichukuliwa mochari. Yien anasema kipimo kilijibu upesi. Kilifanya kazi vizuri sana.

Na hili lazima niliseme. Hamira ikipika, nyigu hawahitajiki tena. Barua ya kufunga ukamataji ilikuwa imeshachapwa, imelala ofisini. Kazi aliyoilinda kwa uongo ilikuwa imebakiza siku tisa.

Epuyo, poleni, wewe na watoto. Atiir, pole. Najua watu wanakusema sokoni. Mimi nakusema hapa, ukisikia: ulikosea, na hukumuua. Yote mawili ni kweli, na utaishi nayo yote mawili.

Nanyi wasikilizaji, kaeni na jambo hili leo. Ukiitwa kupimwa, peleka mkono wako mwenyewe. Ukiogopa majibu, peleka hivyo hivyo, unaogopa.

Gharama ni hii. Nyigu elfu sita na mia mbili. Chupa moja ndogo ya damu, ya mtu mwingine. Kidole gumba kimoja. Dakika kumi na nane. Siku tisa za kazi. Watoto watatu.