Nukta Nane

Mimi sina kompyuta, lakini masikio ninayo. Katika pirogi ya kuvuka mto kwenda Lubunga nilibanwa kati ya fundi wa kompyuta na mjane aliyejitambulisha kwake kama Mama Madina.

"Ukurasa ilikuwa inaonekana mubaya, maandishi imepandana," mama alisema kwa uchovu. "Pale cyber wakaniambia nisafishe navigateur, ile ya kufungulia internet. Nikachagua vyote, nikafuta. Sasa inaonekana muzuri, lakini inaniomba mot de passe, ile neno ya siri. Papa, ni mail ya marehemu bwana yangu. Mashini ilikuwa inaikumbuka peke yake. Picha zetu zote ziko mule."

"Hukuiandika, mama?"

"Niliandika!" Akakunjua karatasi. Palikuwa na nukta nane, zimechorwa kwa kalamu ya bluu. "Nilikopia vile niliona kwa mashini, mbele ya kufuta."

Fundi alizitazama muda mrefu kuliko zilivyostahili.

"Bon, mama. Hii inatuambia tu iko na herufi nane. Wanaume wengi wanaweka jina ya mutu wanapenda."

Mama akahesabu kwa vidole, taratibu. Akarudia. Pirogi ikagusa mchanga, watu wakaanza kushuka.

"Yangu iko na sita," akasema, wala hakuinuka.