Mzee wa Kofia, Mchanjaji wa Ndui

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee wa Kofia, alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Picha mnayoiona kwenye jalada ndiyo pekee aliyowahi kukubali kupigwa. Tutafika hapo.

Mwaka 1955 ndui iliingia nyumbani kwao. Yeye na dada yake mkubwa walilazwa mkeka mmoja. Yeye aliinuka, dada hakuinuka. Alibaki na makovu uso mzima. Shuleni, alikomaliza darasa la nane mwaka 1964, wenzake walimcheka, na jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni. Ni huko shuleni alikoanza kuvaa kofia akiishusha mpaka kwenye nyusi.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa mchanjaji. Wakati huo ilikuwapo chanjo ya unga iliyostahimili joto, na sindano ya ncha mbili iliyobeba tone moja tu la dawa. Alifundishwa kuitumia asubuhi, mchana akawa kazini. Wanasema mganga hajigangi, lakini baba alijiganga sana. Watu wakigoma, alivua kofia, akajichanja mkono wake mbele yao, kisha akasema, "Nitazameni vizuri. Na mimi ndiye niliyebahatika." Akimaliza kuwachanja, kofia inarudi kichwani.

Nyumba moja ilimgomea kabisa. Mama mwenye nyumba alimfungia binti yake chumbani, akafoka dirishani, "Nenda na sindano zako! Mwanangu hachomwi!"

Baba akaketi kizingitini, kofia mapajani. "Mama, sikulazimishi. Niangalie tu, halafu uamue mwenyewe."

Mama akamwangalia, akaenda kufungua mlango wa chumba. Baada ya wiki baba alirudi kuona kama chanjo imeshika, maana kazi ilidai hivyo. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine.

"We kijana," mama akamuuliza, "kidonda kimeshapona. Sasa unakagua nini?"

Baba na binti huyo, ndiye mama yetu, walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1971. Mpiga picha alimpiga picha bibi harusi peke yake. Baba alidai jua linamuumiza macho, na mvua ilikuwa inanyesha.

Ilipotangazwa mwaka 1980 kuwa ndui imetokomezwa duniani kote, wenzake walishangilia ofisini. Yeye alikwenda kukaa kwenye kaburi la dada yake. Kisha aliendelea kuchanja watoto dhidi ya surua hadi alipostaafu mwaka 2003.

Mwaka 2022, mjukuu wake anayesomea udaktari alimwambia, "Babu, darasani kwetu hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyepona ndui. Hata mwalimu wetu hajamwona."

Baba akavua kofia, akaiweka mezani. "Haya, piga picha. Na usiirembe."

Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na moyo. Alilazwa mara mbili, na akafariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, mama yetu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Watazameni walivyoketi hapo mbele: hakuna hata mmoja mwenye kovu la ndui usoni.

Pumzika kwa amani, baba. Kofia tumeiacha nyumbani.