Wenceslaus Kasimiri, Aliyetuchelewesha Wote

Ndugu Wenceslaus Kasimiri, ambaye jeneza lake liko mbele yetu, alizaliwa Jumapili tarehe 4 Machi 1934 katika kitongoji cha Mwisole, upande wa Ntalikwa, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Kasimiri na Mama Apolinaria, ambao wote wametangulia. Wa kwanza ni mimi, Josepha, ninayesoma. Mama alikuwa akisema mimba ile ilipitiliza wiki mbili nzima. Nalitaja hilo mapema ili mtu asidhani kwamba kuchelewa alijifunza ukubwani.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1943 katika shule ya misheni na kumaliza darasa la nane mwaka 1950. Alikuwa na akili kuliko mimi, na nasema hivyo nikiwa mwalimu kwa miaka ishirini na sita. Shida ilikuwa njiani. Shule zilipofungwa, wenzake walifika Mwisole siku ileile, yeye alifika siku ya tatu, amenenepa, akiwa na salamu za kila shangazi aliyeko njiani na habari za kila mzinga uliorinwa. Baba yake babu yetu alikuwa mpagazi katika njia hiyohiyo. Baba alimtazama akiingia uani, akatikisa kichwa. "Wewe ungebebeshwa mzigo wa msafara," alisema, "Ujiji wangekuwa wanausubiri mpaka leo."

Mwaka 1953 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Alifanya kazi miaka minane na wakubwa wake walimpenda. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, watu waliosoma walikuwa wanatafutwa kwa tochi. Aliitwa ofisini akaambiwa atapandishwa cheo. Aliomba muda wa kufikiri, akafikiri mwezi mzima, na mwisho wa Januari 1962 akaacha kazi, akarudi Mwisole kulima karanga na kufuga nyuki. Nilimfuata nikiwa nimekasirika hata shikamoo za watoto sikuzisikia.

"Umepata wazimu? Nchi inakuhitaji!"

"Dada, nchi imepata uhuru," alisema, "na mimi nimepata wangu. Karibu, kaa. Karanga ndiyo kwanza zimetoka motoni."

Niliporudi Tabora nilimwandikia barua ya kurasa tatu, nikamweleza wajibu wake kwa taifa na kwa familia iliyomsomesha. Majibu yake ninayo hadi leo. Yanasema: "Dada mpendwa, barua yako nimeipata. Mwandiko wako unazidi kupendeza. Huku mvua imenyesha vizuri. Tunawasalimu."

Alifunga ndoa takatifu na Imakulata tarehe 8 Juni 1957. Walikutana hapohapo Kaliua, ambako Imakulata alikuwa akiuzia abiria karanga za kuchemsha. Mke wake amenipa ruhusa niseme kwamba siku ya harusi bwana harusi alifika kanisani padri amekwisha kuvua mavazi ya misa. Alikuwa amekaa kwa jirani akisifia uji. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa naomba nieleze habari za mwaka 1974, kwa sababu wengi mliopo hapa mliziona kwa macho na wengine bado mnazo moyoni.

Jumatano tarehe 18 Septemba lori lilikuja Mwisole kutuhamishia watu wetu hapa Kazamoyo, katika kijiji cha ujamaa. Lilikuja bila taarifa ya kutosha, na nyumba zikaezuliwa wenyewe wakiangalia. Watu walilia. Ndugu Damas, jirani yetu, alikaa juu ya kinu chake akakataa kuinuka. Katika hali hiyo marehemu aliingia ndani ya nyumba yake, ambayo haikuwa na paa tena, akatoka na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na kibakuli cha asali, akampelekea dereva.

"Wenceslaus!" Damas alipiga kelele. "Wanatutoa kwenye makaburi ya baba zetu, wewe unawalisha!"

"Mzee huyu ametoka Tabora alfajiri, hajaweka kitu tumboni," alijibu. "Paa hakuliezua yeye."

Damas hakusema naye kwa miezi minane. Imakulata alinyamaza wiki mbili. Mimi nilipopata habari nilikuja Kazamoyo nikamwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele ya padri. Nilimuuliza kama ana damu au ana maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha mahali alipokuwa amekaa, chini ya turubai, akasema upepo wa pale ni mzuri kuliko wa Mwisole.

Mvua za msimu ule zilikuwa mbaya na watu walikula unga wa njano wa msaada. Hapo ndipo marehemu alipoanza tabia iliyonitia aibu kuliko zote. Kila jioni alizunguka nyumba kwa nyumba akionja vyungu vya watu. Alikuwa anafunua chungu, anachota kidogo, anafumba macho, anasifu. Mlenda wa Bibi Fulani hauna mfano, mchicha wa Fulani umeungwa na malaika. Nilimwambia, "Mdogo wangu, huku ni kudoea. Umesoma mpaka darasa la nane ili ulambe miiko ya watu?"

Akafika na kwa Damas. Damas alimjibu mlangoni, neno la kwanza baada ya miezi minane: "Leo hakuna cha kuonja." Marehemu akaingia hivyohivyo, akakaa, akaomba maji. Akayanywa, akasema mtungi ule unapoza maji vizuri sana, akaaga. Asubuhi Imakulata akakuta debe lake la michembe, viazi vilivyokatwa na kuanikwa, halipo jikoni.

"Ungeniuliza!" alimwambia mumewe.

"Ungekataa."

"Ningekupa nusu!"

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Debe lilikuwa kwa Damas. Leo Damas ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi. Tangu juzi msibani watu wananiambia kwamba marehemu alionja vyungu ili ajue ni nyumba gani haijapika. Sitaki kumpamba ndugu yangu akiwa hawezi kunibishia. Alipenda kula. Lakini Imakulata amehesabu madebe yaliyopotea mwaka ule akafika kumi na moja, na hilo nimeona niliandike.

Ugonjwa ulianza Septemba mwaka jana, maumivu ya tumbo na kukonda. Nilimwambia aje mjini apimwe. Akasema baada ya kupanda. Novemba nikatuma ujumbe, akasema mvua zimeanza vizuri, uyoga unakaribia kutoka. Tarehe 6 Januari 1981 nilimwomba Bwana Hamoud, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyenunua asali yake, anipeleke kwa pikapu yake. Tulifika saa tatu asubuhi. Marehemu alisema yuko tayari, ila aage. Akaenda kuaga nyumba kwa nyumba, akiegemea fimbo, na kila nyumba akakaa.

Imakulata alikuwa amepika uyoga wa karanga. Bwana Hamoud alikaribishwa, akashuka, akala sahani mbili. Mimi nilibaki garini nikipiga honi.

"Dada Josepha, teremka ule," Hamoud aliniita. "Hospitali haihami."

Sikuteremka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na haki ya kuwa nayo, kwa sababu daktari alisema baadaye kwamba angeletwa Septemba wangeweza kujaribu kitu. Lakini sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa na sahani nyingine, na ule ndio ulikuwa uyoga wa mwisho ambao ndugu yangu alikula nyumbani kwake. Ningekula naye. Nilipiga honi mpaka saa sita.

Alilazwa wiki sita. Nilimwomba ruhusa tumzike Mwisole karibu na baba. Akakataa. "Mwisole ni mbali, watu watachoka. Nizikeni Kazamoyo, mtu akitoka shambani anisalimie akipita." Ndiyo maana tuko hapa.

Jumanne tarehe 17 Februari asubuhi nilimwosha miguu kwa maji ya moto. Akafumba macho, kama alivyofanya siku zote akionja chungu cha mtu.

"Asante, dada. Joto lake limekaa vizuri."

"Usinishukuru," nilimwambia. "Pona."

"Kupona siwezi," alisema. "Kushukuru naweza."

Nilikasirika, nikaenda kumwaga maji. Niliporudi nilimkaushia miguu, nikakaa naye. Alifariki saa nne, bila maumivu makubwa, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Marehemu ameacha mjane, Imakulata, watoto wanne, Justus, Apolinaria, Kasimiri na Josepha mdogo, mjukuu mmoja, dada mmoja, na kijiji cha Kazamoyo, ambacho Imakulata ameniagiza nikitaje miongoni mwa wafiwa. Familia inamshukuru Bwana Hamoud kwa gari, akina mama wa Jumuiya kwa chakula, na Ndugu Damas kwa kaburi.

Ee Bwana, mpokee Wenceslaus, umpe amani yako. Sasa mbebeni. Twende polepole, jua bado lipo.