Mfuko wa Saruji Ulionadiwa kwa Mzaha

Mheshimiwa Diwani wetu, Baba Mchungaji, Ndugu Frederick mwenyekiti mpya wa kikundi cha hisa cha usharika, wazee wenzangu wa Kimandolu, na wewe Mama Aikande, mwenyekiti tuliyeitwa kukuaga: Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme maneno mazuri ya kustaafu. Nitajaribu, ingawa mshtuko haujanitoka. Niliondoka kwenye mteremko huu wa Meru nikiwa kijana, nikazeekea Tabora, na huko niliikumbuka Arusha ambako uvumi ulitoka Kijenge asubuhi ukafika Maji ya Chai umechoka, tena umekwisha kukutana na mtu wa kuusahihisha. Nimerudi, nakuta uvumi hauchoki.

Wanakikundi mnajua kilichotokea, wageni hawajui. Kila Jumapili baada ya ibada tunanadi sadaka za mazao hapo nje. Mnadi wetu ni Lerionka, na tunampenda kwa sababu kila kitu hukisifu kwa uongo. Jumapili ile muumini mmoja alitoa mfuko wa saruji. Lerionka akaubeba begani.

"Nunueni, jamani! Kiwanda kinafungwa! Huu ndio mfuko wa mwisho Tanzania nzima!"

"Muongo wewe!" mama mmoja akamjibu. "Jogoo wa juzi si ulisema anaimba besi!"

Tukacheka mpaka Baba Mchungaji akafuta machozi. Mfuko nikaununua mimi.

Kumbe mtu alirekodi kwa simu. Akakata kicheko, akabakiza sauti ya Lerionka na msalaba wa kanisa nyuma yake. Siku chache baadaye video ile ilikuwa imezunguka nchi nzima: kiongozi wa dini Arusha afichua siri, kiwanda chafungwa. Tovuti moja ya habari ikaiandika, ikaweka alama ya kuuliza mwishoni kama mtu anayetupa jiwe na kuficha mkono. Wenye hisa za kiwanda hicho wakaogopa, wakakimbilia kuuza. Wauzaji walipowazidi wanunuzi, bei ikaporomoka, na kuporomoka kwenyewe kukawa habari mpya ya kuwatisha waliobaki.

Hayo yote yalinishangaza tu. Walionishtua ni ninyi. Kikundi hiki kilikuwa na hisa za kiwanda hicho hicho, zilizonunuliwa kwa fedha za ndizi na maziwa yenu. Mkaitana kikao cha dharura, mkitaka ziuzwe siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa nyuma.

Mama Aikande akauliza, "Jamani, sauti hii si ya Lerionka? Hamkuwepo kwenye mnada?"

Ndugu Frederick, ulimjibu hivi: "Mama, ile ilikuwa kanisani. Hii imetoka kwenye habari."

Mama akamgeukia Lerionka. "Wewe baba, maneno si yako?"

"Ni yangu, Mama," akasema Lerionka, na mkono wake wa kura ya kuuza ulikuwa bado juu. "Lakini sikujua kama nilikuwa nasema kweli."

Mnacheka sasa. Siku ile hakucheka mtu. Mama alikataa kutia saini. Mkasema amezeeka, mambo ya mtandao hayajui, mkamtoa kwenye kiti kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti mpya akasaini. Kiwanda kilipokanusha, bei ikapanda tena ilipokuwa, na hisa zenu ziko kwa mtu msiyemjua, aliyezinunua kwa bei ya kutupa.

Niwaulize: tangu lini maneno yetu wenyewe, yakizunguka na kuturudia yamevaa suti, tukayapigia saluti? Uvumi ulishusha bei ya hisa. Je, na thamani ya mama huyu nani ameishusha, kama si sisi tuliokuwa tunaujua ukweli?

Ndugu Frederick, wewe ni kijana mwema na uliogopa kwa ajili ya mali ya watu. Lakini kadi ya mwaliko wa leo imeandikwa "kustaafu". Mama Aikande hakustaafu. Aliondolewa kwa kukumbuka.

Hisa hatutazirudisha kwa hotuba. Kiti kinaweza kurudi, maana kilitolewa kwa mikono na mikono bado mnayo. Kabla zawadi ya kuagana haijafunguliwa, anayetaka Mama Aikande aendelee kutuongoza asimame, bila kumtazama jirani yake kwanza.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Mimi naketi.