Mzimu wa Saa Tisa Mchana

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule Mwalimu Nicolaus, walimu mliovaa tai na ninyi ambao tai zimewashinda kwa hili jua, wazazi, wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa, dada Euphrasia, uliyetoka Dodoma kuja kumchukua mama yako, na wewe mwenye siku, Mama Dorotea, mpishi wetu. Nawasalimu wote kwa vyeo vyenu. Kama kuna niliyemruka, ajisalimie mwenyewe kwa niaba yangu.

Naitwa Mugeta. Ratiba imeniandika "mwakilishi wa wanafunzi waliosoma hapa zamani". Ni kweli kabisa, ila wenzangu walikuwa wa zamani baada ya kidato cha nne, mimi nikawahi, nikawa wa zamani kidato cha pili. Namwona Mwalimu Nicolaus anaangalia saa. Mwalimu, tulia. Kuanzia stendi ya hapa Kiabakari mpaka kule kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, dairekta wa filamu ni mmoja tu, na leo mmempata bure.

Waliotangulia kuongea wamemsifu Mama Dorotea kwa miaka ishirini na saba ya jikoni. Wakasema hajawahi kuunguza maharage. Jamani! Mimi nilikula yale maharage. Lakini katika wote waliosimama hapa, nani amethubutu kusema kwamba huyu mama aliwahi kuwa mzimu? Hakuna. Mmeona aibu mbele ya wageni. Basi nitasema mimi, maana mzimu wenyewe niliutengeneza mimi.

Miaka minne iliyopita, mimi, Magesa na Jeska tulipiga filamu ya kutisha kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Tuliiita Mama wa Shimo la Tatu. Kuna mama alikuwa anampelekea mume wake chakula kwenye shimo la dhahabu. Shimo likaanguka, mume akabaki chini, mama naye akafa kwa majonzi. Tangu hapo mzimu wake unatembea na bakuli, unatafuta mtu wa kula naye, na kila anayeuona anakimbia. Hadithi ndiyo hiyo. Niliiandika kwenye daftari la hesabu, ambalo hesabu zenyewe hazikuwahi kulifikia.

Wamama wote wa mtaani walikataa kuwa mzimu, wakasema tutawaletea mikosi. Nikamfuata Mama Dorotea jikoni, nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, nataka uwe mzimu."

Hakuinua hata macho. "Mzimu wa nini, mura?" Ndivyo anavyomwita kila kijana.

"Wa kutisha."

"Na kazi yenyewe ni siku gani?"

"Jumamosi."

Akatoa kokoto moja, akaitupa. "Jumamosi sinaga mtu," akasema. "Nitakuja."

Mheshimiwa Diwani, wewe ni mtu wa kutembea, umeona filamu za kila aina. Lakini umewahi kuona mzimu wa saa tisa mchana? Tulipiga saa tisa kwa sababu baba yake Jeska hakumruhusu kutoka usiku. Ili giza lipatikane, nikaweka miwani ya jua mbele ya kamera, ndiyo maana usiku wetu una vivuli vya miti. Uso wa mzimu tuliupaka unga wa muhogo. Kuku wakaunusa. Mzimu unatoka kaburini kwa huzuni kubwa, na nyuma yake wamejipanga tetea wawili na jogoo. Nikataka tukate. Magesa akasema, "Acha, bwana. Labda na wao walikufa."

Halafu ikaja ile sehemu kubwa. Jeska anachota maji, mzimu unatokea nyuma ya kichuguu, Jeska anatakiwa apige ukelele wa kufika Bunda. Akageuka. Akauona. Akakunja goti. "Shikamoo, mama." Na mzimu ukaitikia, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje nyumbani?" Tukarudia. Shikamoo. Tukarudia mara saba, shikamoo saba. Mwisho Jeska akaanza kulia: "Mugeta, huyu ni mtu mzima, nitamkimbiaje bila kumsalimia?" Tukaiacha hivyo hivyo. Katika filamu yangu kila mtu anausalimia mzimu kwanza, anaitikiwa, ndipo anakimbia. Niambieni, ni nchi gani nyingine yenye filamu ya kutisha yenye adabu kiasi hicho? Wenzetu wana mitambo. Malezi hawana.

Mwaka uliofuata tuliionyesha hapa bwaloni, shuka jeupe ukutani. Mlicheka mpaka madirisha yakatikisika, na Mama Dorotea alicheka kuliko wote. Lakini kuna mahali mlinyamaza, msijifanye mmesahau. Mzimu unakaa kwenye jiwe. Unafunua bakuli. Mimi nilikuwa nimeuandikia maneno makali, "Nitakunywa damu zenu!" Mama Dorotea akasema hayo hayawezi. Akaita tu: "Njoo tule. Kinapoa." Akaita mara tatu, kwa sauti ya mtu ambaye hategemei kuitikiwa. Nilikuwa nyuma ya simu, na mimi ninayejisifia kila kitu nilisahau kusema "kata". Kwa sababu pale hakuwa anaigiza. Huyu mama anapikiaga watu mia nne, halafu anafunga jiko, anaenda kwenye chumba chake kule nyumba za watumishi, anakula peke yake. Miaka ishirini na saba. Nani kati yetu, tukiwa tumeshiba chakula chake, aliwahi kumuuliza yeye anakula na nani?

Baada ya pale filamu ikakatika. Mkapiga miluzi, mkadai mwisho. Nikasimama mbele yenu nikasema betri ya simu iliisha, kipande cha mwisho kinakuja.

Ndugu wageni waalikwa, betri haikuisha.

Kipande cha mwisho nilikuwa nacho kwenye daftari. Anatokea mtu mmoja ambaye hakimbii. Anakaa chini, anakula na mzimu mpaka bakuli linaisha, na mzimu unapumzika. Magesa alishakwenda Geita migodini. Jeska aliolewa Bunda. Nikabaki mimi, na mtu wa kukaa chini akawa mimi. Basi kila Jumamosi nikamwambia Mama Dorotea tunafanya mazoezi. Tunakaa kwenye jiwe la nyuma ya jiko, anakuja na bakuli, na ndani mna chakula cha kweli, ugali na samaki aina ya furu wa kukaanga waliotoka Musoma. Simu naiegesha kwenye tofali. Tunakula, tunaongea, tunasengenya walimu. Tukimaliza namwambia, "Mama, leo mwanga haukukaa vizuri, turudie wiki ijayo." Miaka mitatu, kila Jumamosi mwanga mbaya! Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili, ndiyo sababu mliniona nimetoweka darasani. Kwangu kuna kiti kimoja na sahani moja. Filamu ikiisha, Jumamosi ningekwenda kwa nani?

Jana nilikwenda kumwambia ukweli. Nilimkuta anafunga sufuria zake kwenye gazeti.

"Mama, Jumamosi zote hizi ile simu sijaiwasha."

Akaendelea kufunga. "Wewe mura, unafikiri mimi nilikuwa naangaliaga simu?"

Akanipa kamba nimshikie, akasema, "Euphrasia ameshakata tiketi. Maliza kazi yako."

Dada Euphrasia, nilikuwa nimekuandikia hotuba nyingine ya kukulaumu, ndefu kuliko hii. Nimeichana. Mtoto anayetoka Dodoma kumfuata mama yake halaumiwi. Nina ombi moja tu kwako: huko uendako naye kuna kazi, kuna vikao, kuna foleni za mjini, lakini Jumamosi, tafadhali, awepo mtu mezani. Asiwe mtu muhimu. Awe tu mtu anayeongea sana.

Sasa leo ni Jumamosi, na ni ya mwisho. Chakula kikishapakuliwa, Mama Dorotea na mimi tutakwenda nyuma ya jiko, na mara hii nitakaa chini nile mpaka bakuli liwe jeupe, kama ilivyoandikwa. Mnaotaka kuangalia mnakaribishwa, ila msicheke kabla hatujamaliza. Magesa hayupo, Jeska hayupo, na mimi siwezi kuwa mbele na nyuma ya kamera kwa wakati mmoja. Mwalimu Nicolaus, wewe ndiye mtu mwenye mkono uliotulia hapa. Nakuomba.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Mwalimu, simu hii hapa. Ishike kwa mikono miwili, tafadhali, na iwashe.