Krispi Zilizogoma Kufutuka

Benchi letu liko baina ya kibanda cha Kinyozi na cherehani ya Fundi. Mguu wake mmoja umeungwa kwa waya, na ukikaa upande ule lazima ujue kujiegemeza. Mimi wananiita Redio, wala sikatai, mtu haitwi Redio bure. Kinyozi ndiye mwenye jiko la mkaa na birika la kahawa. Fundi umeme tunamwita Shoti, maana kila nyumba aliyoigusa taa zake hukonyeza. Na Fundi ni mshona nguo, ambaye mkewe tulimzika mvua zilipoanza. Jioni hiyo alitoka ndani na sahani iliyofunikwa kitambaa, nikajua kuna jambo hata kabla hajakaa. Tangu msiba, nyumba ile haikuwa imetoa sahani.

— Funua basi, nikamwambia. Unatuficha nini, posa?

Akafunua. Zilikuwa krispi za kamba, wale kamba wa baharini. Lakini jamani! Zimejikunja kama kucha zilizokatwa, kahawia, zinavuja mafuta. Shoti akajaribu moja, akaitoa mdomoni akaitazama kama mtu aliyetafuna kifungo.

Marehemu alizitengeneza kwa mkono wake. Alitwanga kamba, akakanda na unga, akapika donge lake kwa mvuke, akalikata vipande vyembamba, akavianika mpaka ukitikisa bati lenye kifuniko alimovihifadhi, vinalia kama kokoto. Jioni anavitia kwenye mafuta ya moto, vinafutuka vyeupe, vikubwa kama kiganja, sahani inatufikia hapa bado inachachatika. Ilirudi tupu siku zote.

— Nimefanya kama yeye, Fundi akasema. Karai lilelile, mafuta yaleyale. Zimezama zikakaa chini kama mawe.

— Mbichi zimebaki? nikauliza.

— Za kujaa kiganja, dada. Ndizo za mwisho alizokata. Nikiziharibu na hizo, basi tena. Sitazisikia zikifutuka maisha yangu yote.

Hapo ndipo wataalamu wangu walipovamia.

— Moto mdogo, Shoti akasema. Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo chochea moto.

— Methali na unachosema vinajuana kweli? Kinyozi akauliza.

— Wewe kata nywele. Halafu kuna suala la gesi. Gesi ya siku hizi wanaichanganya na upepo.

— Mimi nakaangia mkaa, Shoti.

— Ndiyo hapo sasa! Upepo uko wazi kabisa!

Kinyozi akamimina kahawa, akatikisa kichwa kama daktari.

— Ni mkono, jamaa zangu. Chombo huzoea mkono. Mashine yangu akiishika mtu mwingine inang'oa badala ya kunyoa. Na tena, samaki mkunje angali mbichi. Fundi ungezikunja kabla ya kukaanga.

— Zimejikunja zenyewe, huoni? nikamwambia. Au unataka azipige pasi?

— Ngojeni, Shoti akasema, akasimama kabisa. Nimepata. Marehemu akikaanga alikuwa anaimba chini kwa chini, sivyo? Sauti ni umeme. Ule wimbo ndio ulikuwa unazipa chaji. Fundi, imba!

— Siujui.

— Miaka yote hiyo uko naye ndani?

— Haukuwa na maneno, Fundi akasema.

Tukanywa kahawa bila kutazamana. Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Au kamba wenyewe wamepata habari.

— Habari gani?

— Za msiba. Nani afutuke wakati aliyemwanika hayupo? Tazama, zimevaa kahawia zote.

Fundi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ile. Kicheko kikaenda kidogo, halafu kikakatika kama uzi kwenye sindano butu, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha sahani chenye mafuta.

Mimi udaku ninao, lakini udaku nao una kazi yake. Nikasogea.

— Hebu niambie, mdogo wangu. Lile bati la krispi mbichi unaliweka wapi?

— Chumbani.

— Chumbani wapi?

— Kwenye mto, upande wake.

Shoti akataka kusema neno, nikamkanyaga mguu.

— Nguo zake ndugu waligawana, Fundi akasema. Mashuka wakafua, walinionea huruma, sikuwakataza. Mle kwenye bati ndimo ilimobaki harufu ya mikono yake. Basi nikiingia nalifungua, nanusa. Siku nyingine usingizi unanikuta sijalifunika.

— Na mvua zote hizi?

— Na mvua zote hizi.

Basi tena, jibu likawa limejileta. Krispi ikinywa unyevu haifutuki, uichochee, uiimbie, uifanyeje. Nikamwambia taratibu. Akaitazama mikono yake.

— Kumbe ni mimi. Nimezinusa mpaka nimeziua.

— Ni mvua, Shoti akasema haraka. Mvua tu, kaka.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Shoti alisema kitu na hakuna aliyembishia.

Jua lilipopata nguvu kesho yake, tuliziweka zile za mwisho kwenye sinia, na sinia tukalipa nafasi nzuri ya benchi. Kinyozi akakaa upande wa mguu wa waya bila kulalamika. Shoti akafukuza nzi kwa kofia yake, wateja wanampigia simu hapokei. Zilipoanza kulia kwenye sinia, Kinyozi akaondoa birika jikoni, Fundi akaweka karai.

Akatia moja. Ikazama. Nikamsikia Shoti akimwomba Mungu, yeye asiyeomba hata akipanda nguzo. Ikatikisika, ikapanda, ikajikunjua, pshaaa, nyeupe kama ua. Akatia nyingine, na nyingine. Fundi hakuwa anatazama karai. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Sahani ikajaa, ikawekwa katikati. Shoti, ambaye zamani alichota kwa mikono miwili, leo akaitia mikono yote mifukoni.

Akapita muuguzi, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, viatu vya kazini bado miguuni.

— Hamjambo wazee. Nzuri hizo! Nani kapika?

Weee! Tukamsimulia sote kwa mpigo, tunanyang'anyana maneno. Alivyotwanga, alivyokata, alivyoimba, sahani ilivyokuja imejaa kila jioni ikarudi tupu. Akasikiliza mpaka mwisho, mkoba kifuani.

— Na mwenyewe alikuwa anazipenda?

— Nani? Kinyozi akauliza.

— Mkewe baba hapa. Alikuwa anapenda kuzila?

Shoti akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Fundi. Na mimi, ninayejua nani kahama na nani kahamiwa, nikatafuta kila wimbi sikupata kitu. Nilimwona akitwanga. Nilimwona akianika. Nilimwona mlangoni na sahani, jasho shingoni, anatutazama tukila. Kutafuna, sikumwona.

— Sahani ilikuwa inakuja imejaa, Fundi akasema.

Akaitazama sahani.

— Ilikuwa inakuja imejaa, akasema tena, polepole, kama anajihesabia mwenyewe.

Kinyozi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka machicha ya kahawa. Jua likahama benchini, ubaridi ukaingia, na zile krispi za mwisho zikaanza kunywea moja moja mbele yetu, na hakuna aliyenyoosha mkono.